Apio Alivyovuka Mpaka

Dada Neema, hamjambo huko Mwanza? Eldoret ni baridi, ila mursik, mtindi wao wa kibuyuni, nimeupenda sana.

Aliyenimiminia ni Apio, Mganda. Mimba ya pili ilimletea ugonjwa wa moyo. Kwao madaktari waliogopa sheria ya kutoa mimba, wakamwambia asubiri. Akavuka mpaka akihema. Mwenyeji wangu, mkunga Mama Chebet, akampeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

"Sheria ya huku inaangalia pia afya ya mama," Mama Chebet aliniambia. "Si lazima kwanza akaribie kufa."

Mimba ikatolewa, akapona. "Nililia," Apio alisema, "lakini mtoto wangu wa kwanza ako na mama."

Mkunga huyu nimemvulia kofia. Nimejiuliza, Apio angekuja kwetu tungemjibu nini? Nimewakumbuka. Mbusu Mama.

Rehema