Ufunguo Uliogoma

Alhamisi, Agosti 1984

Na sasa hauzunguki kabisa.

Wiki nzima ufunguo wa kukazia uzi mnene wa gita langu la besi ulikuwa ukilegea, matundu ya skrubu yamepanuka. Leo mchana nikayajaza njiti za kiberiti na gundi, nikarudisha skrubu. Mke wangu akaniambia, "Gundi imezidi, Baba Rukia." Nikamwambia ashughulike na chungu chake.

Gundi ikavuja hadi kwenye meno ya ufunguo, ikakauka humo. Nimejaribu koleo, nimejaribu mafuta ya taa. Nikilazimisha nitauvunja, na gita la zamani kama hili spea zake hazipatikani Malindi.

Uzi umeganda chini kidogo ya sauti yake. Kesho kikundi chetu kinapiga harusini Mambrui. Wapiga fidla nikiwaomba watalegeza nyuzi zao wanifuate. Lakini Maalim Athman, kiongozi wetu, anapiga kodiani, na kodiani haina nyuzi za kulegeza.

Jioni alipita barazani akaniuliza, "Besi imetengenea?"

"Imetengenea, Maalim."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama, akarudi jikoni kushughulika na chungu chake.