Milango Mia Nne na Kumi na Miwili

Mwaka umetimia leo, Bi Kwanini wetu, tangu muuguzi aizime mashine na kutuambia tukae. Mimi mama yako sikukaa. Nilikunja shuka lako, nikachukua daftari lililokuwa chini ya mto, nikaondoka.

Jina hilo la utani ulilipata ukiwa na miaka saba, kwenye kiwanda cha mikate ninakofanya kazi, ulipouliza kwa nini mikate ya karibu na mlango wa tanuri hutoka myeupe wakati ya katikati imeiva. Nilikujibu kwamba tanuri lina nyuzijoto mia mbili na ishirini, kipimo kinasema. Ukasema kipimo kimewekwa katikati. Msimamizi wa zamu alicheka hadi akakalia gunia la unga. Mimi nilikuambia usiguse kitu.

Ukakua, ukawa mchumi, swali likabaki lilelile. Miaka kumi na moja katika taasisi ya utafiti ulitafuta jambo moja: uchumi ukikua, aliye nyuma humkaribia aliye mbele, au hubaki akiutazama mgongo wake? Ulitueleza mezani kwa kupanga vikombe, kila kikombe kata moja. Mdogo wako, fundi wa friji, alikuwa akisogeza kimoja kwa makusudi, nawe ukimwambia, "Fundi, umeshahamisha kata nzima."

Tunakumbuka penseli kwenye nywele na viatu vilivyolika upande mmoja. Tunakumbuka ulivyokataa kuanza kula mpaka mtu wa mwisho afike mezani, hata chakula kipoe, hata nigombe vipi.

Kisha figo zikagoma. Mara tatu kwa wiki, saa nne nzima kila mara, ulifungwa mkono kwenye mashine ya kusafisha damu. Iliyolipa ni bima ya taasisi. Bila kazi hakuna bima, na bila bima hakuna mashine. Nalisema hilo mapema ili anayesoma aelewe yaliyofuata.

Ripoti yenu kubwa ilisema kata za nyuma zimezifikia za mbele. Kosa ulilikuta wewe, hapo hapo kitandani, ukipekua fomu. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba mchana. Wakibisha mara tatu wasijibiwe, waliandika "hakuna mtu", wakahamia kwa jirani aliyekuwepo. Milango ya namna hiyo ilikuwa mia nne na kumi na miwili. Ukaniuliza: "Mama, anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi, na aliyetoka alfajiri kutafuta kibarua, nani ana nafuu?" Sikuhitaji diploma yangu ya vyakula kukujibu. Nimelea watoto wawili nyuma ya mlango kama huo.

Mkurugenzi wa taasisi alisema siku ya kuitangaza ripoti imeshapangwa. Mkataba wako nao ulikuwa unaisha mwezi uleule. Uliomba ripoti iongezewe ukurasa mmoja wa maelezo, akakataa. Uliomba jina lako liondolewe, akasema basi na mkataba utaondoka nalo. Siku kumi ulikuwa kama panya aliyenaswa mkia: akivuta anaumia, akitulia analiwa.

Aliyekushikisha kalamu ni mimi. Nilikuambia, "Weka sahihi, mwanangu. Ukweli hauna figo."

"Hata mimi sina, mama," ukasema. Ukacheka, ukaweka sahihi.

Ulipata miezi mitano zaidi. Jioni zisizo na mashine ulikwenda kuibisha milango ile mwenyewe, ukiegemea ukuta kila baada ya nyumba mbili, ukiandika daftarini. Uliifikia sitini na mmoja. Uliporudi nilikuuliza kama umekula. Sikukuuliza umekuta nini, maana nilijua.

Kwa ripoti ile, kata hizo zikahesabiwa zimefika, na mkate wa asubuhi shuleni ukasimamishwa. Mkate huo tulikuwa tukiuoka sisi. Trei arobaini ziko tupu, zimeegemezwa ukutani, nami nazipita kila nikiingia kazini. Kuziondoa siwezi, si zangu. Kuzijaza siwezi, sina agizo. Nimelipeleka daftari lako kwenye taasisi. Mkurugenzi alinipa pole, akanipa chai, akafungua ripoti na kunionyesha sahihi yako.

Ndiyo maana tunaandika hapa gazetini. Ripoti ile hukuiamini hata siku moja. Mkono uliotia sahihi ni wako, neno lilikuwa langu. Nilitaka uishi, na kwa hilo siombi radhi. Lakini milango mia nne na kumi na miwili bado imeandikwa "hakuna mtu", na aliyeujua uongo huo akanyamaza ni mimi. Mwenye kutaka kujua na aende jioni. Watu wapo.

Unakumbukwa na mimi mama yako. Na mdogo wako fundi, ambaye siku hizi havigusi vikombe. Na shangazi yako mshonaji. Na mwenzako wa kitanda cha jirani wodini, anayekudai mchezo mmoja wa karata. Na binti yako, aliyezirithi "kwa nini" zako zote, wala hatumkatazi.

Kiti chako hakijakaliwa na mtu. Tutakukumbuka daima, mwanangu, na chakula tutakila kimepoa.