Baba Anapiga Simu Polisi, Mimi Natafuta Mchumba

Shangazi mpendwa, nishike mkono kabla sijaanguka, maana hapa nilipo nacheka peke yangu kama chizi. Mimi ni askari polisi, nimepangiwa kituo cha mtaa wetu wenyewe, na baba yangu mzazi ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mtaa huohuo. Zamani ilikuwepo familia moja tu ya hawa wenzetu wa rangi nyingine, na baba alikuwa akiwasifu kwa upole wao, lakini sasa wamejaza mstari mzima wa nyumba nyuma ya stendi, wamefungua maduka, mmoja wao kagombea uongozi wa soko na kashinda, na tangu siku hiyo baba hana raha, kila kukicha yuko kwenye simu na kituo, mara kuna moshi wa kutilia shaka, mara vijana wanabeba magunia, mara kuna mkusanyiko, na mkuu wa kituo ananituma mimi kwa kuwa ni mwenyeji, naenda na dereva wetu wa doria, mzee mmoja mkimya, tunakuta duka la mikate, moshi ni wa tanuri, magunia ni ya unga, na mkusanyiko ni foleni ya wateja, nusu yao majirani zetu.

Sasa huyo mwoka mikate, Shangazi, ndiye aliyenimaliza. Ana unga mpaka kwenye nyusi. Nikiingia tu ananyoosha mikono apekuliwe, hata sijafungua mdomo, halafu ananiuliza, "Afande, leo unaanza na gunia lipi?" nami moyo unanidunda, nasahau hata nilichofuata. Siku hizi baba asipopiga simu nakosa amani, na juzi, naona aibu kusema lakini nasema, nilimwambia mezani kuwa nimeona gari geni kule, uongo mtupu, ili apige, naye akapiga kabla hajamaliza chai.

Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Kamati inataka kiwekwe kizuizi cha polisi mwanzoni mwa njia yao, kila mtu wa rangi ile aonyeshe kitambulisho akiingia na akitoka, na mkuu ameniagiza nisimame niseme nilichokikuta. Nikisema ni mikate tu, baba ataumbuka mbele ya watu wake. Nikinyamaza, kizuizi kitawekwa, na kusema kweli atakayepangwa pale ni mimi, nitamwona mpenzi wangu kila siku kwa mshahara wa serikali. Jambo moja tu linanitatiza, kaniambia, "Siku ukija bila sare, nina neno la kukuuliza." Kwa nini bila sare, na ilivyonikaa vizuri hivi? Nifanyeje?

Afande Mwenye Unga Kwenye Kola

*

Afande wangu, nimekusoma nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikairudia barua yako, na kicheko kikakauka.

Kupenda si kosa. Lakini mwanangu, mtu anayenyoosha mikono kabla hujamwambia, hayo unaona ni mahaba? Huyo amezoea kupekuliwa. Utani wake huenda ni mapenzi, huenda ni njia ya kukulainisha umalize uondoke, nawe huwezi kujua ukiwa na pingu kiunoni. Mwenzio ameshaliona hilo. Anataka mzungumze siku ambayo anaweza kukukatalia bila kulala rumande.

Na hilo gari geni, nakugombeza kama niliyekuzaa. Baba yako hajaibiwa hata ufagio. Alianza kuogopa walipokuwa wengi, na hofu ikazidi pale mwenzao mmoja alipokalia kiti cha soko. Simu zinaleta askari, na watu wakiona askari wanasema hawaendi bure, pale pana jambo, nao wanapiga simu zao. Wewe unayejua ni unga mtupu ukaongeza kuni kwenye moto huo, kisa nyusi za mtu.

Leo hii nenda kwa mkuu wako, mwambie moyo wako uko dukani na lile gari ulilitunga. Utafokewa, vumilia. Omba mzee dereva ndiye aeleze mkutanoni mlichokikuta, kwani ameona unga uleule na hajampenda mtu. Nawe simama ukiri uongo wa gari kwa mdomo wako. Baba mwambie yote kabla ya mkutano, nyumbani, mkiwa wawili. Atanuna, lakini kununa kwake hakuzidi kusimamishwa kwa watu wazima kila siku njiani kwao.

Ukishamaliza, vua hiyo sare iliyokukaa vizuri, vaa gauni, panga foleni kama mteja, wala usikubali kupitishwa mbele. Atakalokuuliza ni lenu wawili. Kisha mpigie baba simu, maana sasa ni zamu yako. Mwambie kuna mkusanyiko mbele ya duka la mikate, bintiye yumo, na aje haraka kabla mikate haijaisha.