Kibuyu cha Safari

Nairobi, 3 Machi 1996

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ni masomo ya unesi tu yanayonibana. Je, ubavu bado unauma?

Daktari mgeni amekubali kukutibu tarehe kumi na mbili. Uvimbe kwenye ini bado ni mdogo kama ndimu, ndiyo maana anauweza. Atatazama kwa mashine ya ultrasaundi, aione sindano anayokudunga mpaka ifike ndani ya uvimbe, kisha auunguze kwa spiriti. Tumbo lazima liwe tupu, likijaa linauziba uvimbe. Usile wala usinywe chochote tangu usiku. Mwisho wa mwezi anarudi kwao, na hapa hakuna mwingine anayeijua kazi hiyo.

Binti yako,
Chepngeno

Silibwet, 15 Machi 1996

Binti yangu,

Sisi hatujambo, na ng'ombe wako amezaa. Lakini mimi nimerudi nilivyoenda. Nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga, niliona haya.

Alfajiri ile shangazi yako Chelimo alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kumuaga msafiri. Nikamwambia nimekatazwa. Akasema, "Wewe ndugu yangu, unaenda kudungwa bila baraka ya nyumbani?" Akanisogezea kibuyu mdomoni. Ndiye aliyenilea. Nikanywa, na si kidogo, unamjua.

Daktari alipouliza, sikuweza kumdanganya. Akanipaka jeli baridi tumboni, akatazama kwa mashine, akasema haoni pa kupitisha sindano. Foleni yake imejaa mpaka siku ya kuondoka.

Baba yako

Nairobi, 2 Aprili 1996

Baba,

Natumaini mko salama. Mimi si salama. Nilimfuata daktari mpaka akapanda gari. Atakayechukua nafasi yake anafika Julai. Julai, Baba! Kila mtu hapa ananiambia nitulie. Nikija likizo Agosti nitamwambia shangazi alichofanya, mbele ya watu wote.

Binti yako,
Chepngeno

Silibwet, 21 Julai 1996

Binti yangu,

Tunakusalimu sote. Majani chai ni mengi, mama yako anachuma peke yake.

Nilienda kwa daktari mpya bila kukuambia, sikutaka kukutoa kwenye mtihani. Safari hii sikugusa hata maji. Alinigeuzia kioo cha mashine nijionee. Ile ndimu imekuwa chungwa, na kando yake kuna nyingine ndogo ndogo. Akasema sindano haina kazi tena, nirudi nyumbani. Naogopa, mwanangu. Nimekuambia wewe tu.

Shangazi hajui. Kila jioni analeta mursik, anakaa mpaka nimalize, halafu anasema nimeanza kung'aa. Ni umanjano wa ini huo.

Ukija Agosti atakuwa langoni na kibuyu. Kipokee kwa mikono miwili, unywe, umshukuru.

Baba yako