Upande wa Kushoto wa Ami

Jumapili, 8 Septemba 2024

Raundi ya kwanza leo. Asubuhi mvua, mchana pakakauka. Uwanja wa mbio za gari wanaufunga mwaka huu — wanajenga fleti — kwa hiyo mwezi wa kumi kuna mbio za maonyesho, za kuagana. Hazina pointi wala kombe. Lakini kila dereva aliyewahi kukimbia hapa Hayes anazitaka, na nafasi chache. Ndio maana wameweka mchujo, raundi mbili.

Ami, ndugu yake baba, kamaliza wa saba. Akifanya vizuri raundi ya pili anaingia.

Mtu asiyejua hizi stock car hudhani ni gari za maana. Gari kuukuu za mitaani tu. Unatoa viti, unatoa vioo, unafunga mabomba ya chuma ndani, basi. Kugongana ruhusa. Ami anakimbia tangu mie sijazaliwa. Siku nyengine zote yeye ni fundi tu, mtu anamwachia funguo huku anaongea na simu. Jumapili spika inaita jina lake, Ameir, na watu wanasimama.

Kuna kitu lakini. Katikati ya mbio gari moja ilipinduka, bendera ya manjano ikatoka. Manjano maana yake punguza, usimpite mtu. Wote wakapunguza. Ami akapita moja kwa moja, akawaacha watatu. Wakamrejesha nyuma. Watu wakacheka — mzee Ameir na ubishi wake. Balwinder kacheka mpaka kakohoa. Yeye na ami wana gereji pamoja Southall. Singasinga wa Kisumu, Kiswahili chake cha bara lakini kinamtoka kama maji.

Mie sikucheka. Mwenye bendera anasimama ndani ya uwanja, mkono wa kushoto wa madereva. Nilikuwa namtazama ami tangu mwanzo. Akifika pale anageuza shingo yote. Kama mtu aliyeitwa na hajui nani kamwita.

Jumatatu, 9 Septemba

Chai asubuhi. Ami kamimina nje ya kikombe. Kikombe kilikuwa kushoto kwake. Bi Sheikha, mkewe, akafuta meza, akaendelea na habari zake za harusi ya Leicester. Hata sauti haikubadilika. Ami naye akaendelea na mkate wake.

Mie nikatazama chini.

Alhamisi, 12 Septemba

Gereji. Balwinder anasema siku nitakayotoa sentensi nzima jua litawaka London wiki mbili, hata mashamba yataungua. Ami akamwambia mwache, huyu anasikiliza kwa niaba yetu sote, wewe unaongea kwa niaba yetu sote.

Nilimwekea ami spana sakafuni, kushoto. Akapapasa. Akagusa ndoo, akagusa tambara. Spana ipo pale pale. Nikaisogeza kwa mguu mpaka kulia kwake. Akaichukua, akaendelea kufungua boliti, akipiga mluzi.

Sasa kila kitu namwekea kulia.

Na ile dawa ya matone ya macho kwenye friji, nyuma ya maziwa. Miezi yote hii nikidhani ya Bi Sheikha.

Jumamosi, 21 Septemba

Ndani ya van, tunarudi. Ami anasema, bila ya kunitazama — kesho usikae na Balwinder. Simama kona ya pili, nje ya uzio, mkono wangu wa kulia. Ukiona bendera imetoka, na wewe nyanyua kitambaa, rangi ile ile.

Nikasema, haya ami.

Akasema, huulizi kwa nini?

Nikasema, la.

Akanipiga bega. Kijana mzuri wewe, baba yako alikuwa hivyo hivyo.

Nilifurahi. Halafu furaha ikanikaa vibaya, kama kula kitu na harufu yake huipendi.

Nyumbani nikamwomba Bi Sheikha kitambaa kikuukuu. Nilisema kitambaa tu. Akapanda juu, akakawia. Akashuka na vipande viwili, kakata kanga zake mwenyewe. Kimoja cha manjano. Kimoja chekundu. Nyekundu ni ya wote kusimama hapo hapo walipo.

Sikumtajia rangi. Hajawahi kuja uwanjani hata siku moja.

Akasema, vitakutosha hivyo? Nikasema vitatosha, mama. Akaenda kukaanga samaki.

Jumapili, 22 Septemba

Kaingia! Wa tano!

Manjano ilitoka mara mbili. Mara mbili nikanyanyua, mara mbili ami akapunguza barabara kama dereva mwenye adabu zake. Spika ikasema mzee Ameir leo kalala msikitini. Watu wakacheka, yeye akapunga mkono.

Nataka kuandika furaha tu lakini kuna la Emma.

Emma ni binti wa hapa hapa Hayes, umri wangu. Gari yake ya zambarau, huu msimu wake wa kwanza. Uwanja mzima yeye tu ananiita kwa jina langu, Riyadh. Wengine wananiita “mate”, Kiingereza chao cha kusema rafiki, au hawaniiti. Mtindo wake kupita chini, ndani kabisa, kushoto kwa watu. Leo karibu na mwisho kaingia kushoto kwa ami. Ami hakumwachia nafasi. Akashuka naye, akashuka naye, mpaka gari ya Emma ikasugua ukuta wa ndani, cheche zinaruka. Kwa hilo sina kitambaa. Kitambaa hakiwezi kusema kuna mtu ubavuni kwako.

Emma kashuka anacheka, bega kalishika. Anasema mzee wako ananifundisha nisinyemelee watu. Ami akacheka naye.

Mikono ya ami ilikuwa bado imekunjika, kama imeshika usukani. Akaitia mifukoni. Emma hakuona, Emma alikuwa anatazama uso.

Jumatano, 25 Septemba

Hounslow, kwenye alama za kuvukia. Mama ana mtoto kwenye kigari, anatoka kushoto. Ami haendi mbio, lakini hapunguzi. Nilishika usukani nikauvuta. Van ikapanda ukingo wa njia. Yule mama kapiga bodi kwa mkono, katukana, kalia.

Ami akasema, nilimuona.

Nikasema, ndio ami.

Tukakaa pale. Akasema baada ya haya maonyesho funguo zote nakupa wewe, ukafanye mtihani wa leseni, mie nitakaa pembeni nikutukane tu. Alitaka nicheke. Nikacheka.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nilijaribu na Balwinder. Ami alikuwa kaenda kuswali. Nikasimama karibu ya kabati la rangi, nikasema, mjomba, macho ya ami. Basi, hapo sauti ikaisha.

Balwinder akaendelea kupangusa mikono yake muda. Halafu akasema — kijana, unadhani ni nani alipaka ule ukuta wa kushoto rangi nyeupe? Ni mimi. Na ile ngazi ya gereji, nani aliihamisha? Mimi. Tangu mwaka jana.

Nikamwuliza kwa nini hukusema.

Akasema nilidhani mkewe atasema. Nikimwambia mimi, ataona namfukuza gereji. Wewe ndiye damu yake, ongea wewe.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Bi Sheikha jikoni peke yake. Nikamwambia Balwinder anajua. Hakuuliza anajua nini. Akasema ni presha ya macho, la kushoto limekwisha kufa, la kulia wanaliokoa kwa dawa. Daktari kamkataza gari. Akasema, mie nilidhani Balwinder atamwambia, wanaume kwa wanaume. Mie mkewe, Riyadh. Nimstiri au nimvue nguo mbele za watu?

Tulikuwa watatu tunamsogezea vitu kulia. Kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Na sasa wote wawili wananitazama mie.

Jumanne, 1 Oktoba

Orodha ya kupangwa imetoka, Balwinder kanionyesha kwenye simu. Magari mawili mawili. Ami mstari wa pili, nje. Pembeni yake, ndani, kushoto, Emma.

Balwinder kaizima simu, kaitia mfukoni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeshindwa maneno. Wiki nzima nayapanga, skuli niliachia darasa la tano lakini si skuli inayonishinda, ni yeye. Huyu ndiye aliyenitoa Pemba. Kanivisha. Siku ya mwanzo kaniosha miguu kwa maji ya moto, sijawahi kuona baridi ile. Nitamtazama vipi nimwambie wewe huoni?

Kwa hiyo nimefanya kitu kibaya.

Magharibi tunaswali pamoja ukumbini, sisi wawili. Yeye imamu. Mukiwa wawili, wewe unasimama kulia kwa imamu, nyuma kidogo. Mtoto mdogo anajua. Leo nimekwenda kusimama kushoto.

Ami kanyoosha msala. Akatazama kulia. Akangoja. Akasema, Riyadh, wahi, magharibi haina wakati mrefu. Mie niko pale, ningenyoosha kidole ningemgusa. Akangoja tena. Akaita kwa nguvu, kuelekea ngazini — Riyadh!

Nikasema, nipo ami.

Hakuruka. Alibaki katazama kibla, mikono chini. Jikoni Bi Sheikha kafunga bomba la maji.

Halafu kanyoosha mkono wa kushoto nyuma yake, kanitafuta, kanishika nguo, kanizungusha kwa nyuma mpaka kulia. Taratibu, kama ananitoa barabarani. Akakimu, akaswalisha. Sauti yake ilikatika mara moja katika Alhamdu, akairudia aya.

Baada ya salamu hakugeuka. Akasema, usinipime tena.

Nikasema, nisamehe ami.

Akasema, moja tu mwanangu. Jumapili moja. Nimekimbia uwanja ule miaka yote, wanakwenda kuuvunja, nami mnataka niwe nimekaa na makoti ya watu?

Nikasema, Emma.

Akasema, Emma kafanya nini?

Nikatazama nyuzi za msala. Akanyanyuka, akakunja msala. Kanikanyaga mguu na hakujua.

Jumapili, 6 Oktoba

Naandika hapa hapa kona ya pili, kitabu juu ya uzio. Mbio zimesimama kabla hazijaanza. Walikuwa wanazunguka polepole kungoja bendera ya kijani, gari ya mbele ikapasuka bomba, oili imemwagika mbele kule. Watu wanamwaga unga wa kunyonya oili na kufagia. Madereva wameambiwa wazime injini, wasishuke. Foleni imesimama mbele ya macho yangu. Ami yule pale, karibu, naona mpaka ndevu ndani ya helmeti. Kwake ndani, zambarau.

Asubuhi watu wa mashindano walimwuliza ami afya, akajibu njema. Nilikuwa nyuma yake.

Nilikwenda kwa Allan, mkubwa wa mashindano. Nilikwenda kweli. Mtu mpole, koti la mvua, ana tabasamu. Akaniuliza nataka nini. Nikamwuliza choo kiko wapi. Akanionyesha. Nikaenda chooni nikasimama tu.

Bi Sheikha kaja. Simu ya Balwinder ilimleta, au roho yake, sijui. Buibui jeusi katikati ya watu wenye chipsi na bia, kakaa kiti cha mbele, upande huu, wa kulia. Alipopita ami katika ule mzunguko wa polepole akampungia. Ami kamuona. Kasahau gia, gari ikashtuka. Watu wakashangilia. Bi Sheikha akajifunika uso kwa ushungi.

Emma naye alimpungia ami, walipopangwa. Alipunga, akapunga tena. Ami katazama mbele tu. Emma kanitazama mie, kanyanyua mabega, kama kusema mzee leo kanuna. Nikamrejeshea mabega. Hilo ndilo nililoweza kumwambia.

Nimefikiri hivi. Manjano nikiinyanyua wanapunguza, halafu wanaendelea. Haina faida. Nyekundu ami ataiona, atasimama. Wa nyuma yake watasimama. Allan atavuka uwanja na koti lake aje aulize nani huyu kanyanyua bendera isiyo yake, na kwa sababu gani. Na mie itabidi nijibu. Sentensi nzima, watu wote hawa, na ami kafungwa mikanda anasikia. Hatakimbia tena. Pengine hatasema na mie tena. Pengine nyumba ile sitakaa tena.

Na nisiponyanyua, pengine hakuna kitu. Emma hodari. Pengine atampita salama, tutakunywa chai, nitapewa funguo.

Emma bega lake bado kalifunga bandeji. Naliona hapa.

Wamemaliza kufagia. Yule mwenye bendera anapanda kijukwaa chake, kushoto. Injini moja imewaka. Ya pili.

Kitambaa cha manjano nimekifunga kwenye uzio, kikae. Chekundu niko nacho, mkono wa kushoto, bado uko chini.

Ami kageuza kichwa. Kulia. Upande huu anaona vizuri. Kaona kitambaa gani kimening'inia na kipi ninacho mkononi. Ananitazama.

Emma kawasha. Wa nyuma wote wamewasha.

Ami bado hajawasha.