Mtu wa Nyota na Udongo wa Shamba

Jumanne, mvua bado

Bado simwamini yule mgeni. Mtu wa nyota anachota udongo wa nini?

Leo mchana alimweleza baba mkwe kwamba kuna darubini angani, juu kabisa ya mawingu, inapiga picha za nyota za mbali. Eti tumwachie shamba letu la migomba kule Matwebe, asimike dishi la kupokea hizo picha. Mzee akawa anaitikia tu.

Mimi nilikuwa jikoni, Atupele mgongoni anakohoa. Mila yetu mkamwana hasemi na baba mkwe wala hasimami mbele yake, na mimi hilo silivunji. Lakini shamba lile ndilo linalolisha wanangu. Nikapaza sauti kwa mama mkwe, aliyekuwa anachochea moto hapo hapo kando yangu:

"Mama, hebu muulize mgeni, darubini yake inakula udongo? Nimemwona anaufunga kwenye mifuko, pamoja na mawe ya mtoni."

Mama akacheka mpaka akapaliwa na moshi. Mgeni akajibu kutoka nje kwamba anapima pa kujengea msingi wa dishi.

Labda. Darubini za hivyo zipo, redioni nimezisikia. Ila msingi, na mawe ya mtoni... hivyo hubeba watafuta madini.

Jioni mama akaniletea maneno ya mzee: "Mwambie huyo mwenye sauti, dole gumba sijaweka kwenye karatasi zake. Mgeni atarudi kesho. Naye asikose jikoni, aulize tena."