Ezekieli Ameandikwa, Mama

Mama yangu mpendwa,

Huku Titye hatujambo. Maharage yametoka vizuri, paa bado linavuja palepale, na mjukuu wako Ezekieli anakula mpaka naogopa. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo ulilonikataza siku zote, na sijutii. Nimemwandikisha mtoto kwenye orodha ya wenye ulemavu.

Usinikunjie uso. Najua ulivyokuwa ukisema: "Sisi tumeandikwa vya kutosha." Uliandikwa ulipovuka kutoka Burundi ukiwa msichana, ukaandikwa tena kambini, na kila mkiandikwa gari lilifuata, watu wakapakiwa na masufuria yao bila kujua wanakopelekwa. Hata baada ya kupata uraia hukuamini. Mtu mwenye kalamu akipita kijijini, ulimtazama kama amekuja kukupokonya shamba.

Unakumbuka siku walipofika uani wale wa kuandika watoto wenye ulemavu? Ulimbeba Ezekieli haraka ukampeleka chumbani, ukarudi kusimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mtoto amelala," ukawaambia. Ilikuwa asubuhi kweupe, na mtoto mwenyewe nyuma ya pazia anacheka kwa sauti, akidhani mnacheza kujificha. Wageni wakatazamana. Wewe hata hukutikisika. "Huwa anacheka usingizini." Mama, mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Lakini wewe ulikuwa na mgongo. Ulimbeba shambani, kisimani, kanisani, na hakuna aliyekusikia ukilalamika. Ulipofariki nikaanza kumbeba mimi, mpaka mgongo ukagoma. Mtoto wa miaka minane si wa kubebwa. Akabaki ndani, amelala chali anatazama mabati, miguu ikizidi kukakamaa. Halafu akaacha kucheka. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Aliyenitoa kwenye hali hiyo ni Mama Jeni, yule wa kwaya mwenye binti kiziwi. Aliingia na salamu yake ya kelele ya "Mwakeye", akamwona mtoto, akaketi. "Yoo, mawe, mama wee! Huyu mtamficha mpaka lini?" Nikamweleza hofu yetu: tukijitokeza kuomba msaada wataanza kuuliza sisi ni kina nani, na mwisho tutajikuta kambi ya Nyarugusu au ng'ambo ya mpaka. Hakunicheka. Wazazi wake nao walitoka hukohuko Burundi.

"Na mimi niliogopa hivyohivyo," akasema. "Nikagonga milango isiyonihusu mpaka nikachoka. Wewe hutazunguka, dada. Nakupeleka moja kwa moja ustawi wa jamii."

Tukaenda Kasulu kwa bodaboda, Ezekieli tumemfunga kitenge katikati yangu na dereva, Mama Jeni akitufuata kwa pikipiki nyingine. Afisa ustawi wa jamii alikuwa mtu mpole. Akaandika jina la mtoto, akaandika mtindio wa ubongo, kisha akainua kichwa.

"Kwenu ni wapi?"

Mama, nikamvuta Ezekieli kifuani. Niliyaona yale magari yako ya zamani yakiwa yameegeshwa hapo nje. Nikajibu, "Titye."

"Titye ya juu kanisani, au ya bondeni?"

"Ya kanisani."

"Haya. Nauliza ili mtaalamu wa mazoezi asipotee njia."

Basi, ikawa imeisha. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi na kulia mpaka Mama Jeni akaninunulia soda.

Na kweli mtaalamu alikuja, dada mmoja kwa pikipiki, akiuliza njia nzima nyumba ya Ezekieli, na majirani wakamwelekeza. Amenifundisha kumnyoosha miguu taratibu, bila kumlazimisha. Amempima, na seremala wetu wa hapa akamtengenezea kiti chenye mkanda na kimeza. Hatembei, sikudanganyi, na huenda asitembee kamwe. Lakini anakaa, mama. Anakula akitutazama usoni, anagombana na kuku, na kile kicheko chake kimerudi. Mama Jeni ameshatuonyesha shule yenye darasa la watoto kama yeye, na mwalimu amekubali kumpokea muhula ujao.

Kuna watu wanaosema ulimficha kwa aibu. Huwa nawajibu vibaya, unanijua. Ulikuwa unamkinga na kitu ulichokiona kwa macho yako, na kama ningepitia uliyoyapitia ningefanya vilevile. Ninachosikitika ni kwamba uliondoka ukiwa bado na hofu ile. Mimi imenitoka. Usiku nalala usingizi mzima, na asubuhi naamka mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Kwa hiyo pumzika, mama. Safari hii tumeandikwa, na gari halikuja. Hatuhami.

Ni mimi binti yako,
Mama Ezekieli